Kakamega poliothorax

Kakamega poliothorax ni jina la kisayansi la ndege mdogo wa vichakani, mwenye mgongo wa kahawia, koo jeupe na kifua cha kijivu. Mtaalamu wa ndege Reichenow alimweleza mwaka 1900 akamweka katika jenasi Alethe. Mwaka 1978 alipewa jenasi yake, iliyoitwa kwa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Hupatikana pia Uganda, Kongo na hata Kamerun, kwa hiyo heshima hiyo Kakamega imeipata kwa bahati kidogo.

Sehemu ya pili ya jina ni ya Kigiriki. Polios ni rangi ya kijivu, hasa ya mvi. Thorax ilikuwa deraya ya kifuani, kisha kifua chenyewe. Madaktari na wataalamu wa wadudu wanaitumia hadi leo. Polios hiyohiyo imo katika polio, kwa kuwa virusi vyake hushambulia sehemu ya kijivu ya uti wa mgongo.

Wanyama wengine wa Msitu wa Kakamega pia wana majina yenye asili ya Kigiriki. Mbega ni Colobus, kutoka kolobos, yaani aliyekatwa kiungo: kidole gumba chake ni kifupi mno, karibu hakionekani. Jina hilo halimtendei haki, maana kasoro hiyo haimzuii kuruka matawini kwa ustadi. Kima ni Cercopithecus, kutoka kerkos, mkia, na pithekos, nyani.