Damu ya watoto wa SS inapokauka ghafla: historia ya kirusi B19

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake kwa sababu ya vita, na ambaye sasa anaishi katika kambi ya wahami upande wa Bunia, aliniuliza swali: «Watoto wangu wawili wa SS waliishiwa damu katika wiki moja. Mkubwa siku ya kwanza, mdogo wake siku ya tano. Majirani wakasema kuna mtu anayekunywa damu yao. Wewe unayeandika habari, unasema nini?»

Siku ile sikuwa na jibu. Nimeuliza waganga, nimesoma, na leo ninamletea jibu yeye na wazazi wengine wote wanaosoma au wanaosomewa habari hii. Ndugu wawili kuishiwa damu kwa wakati mmoja ni jambo ambalo waganga waliliona zamani sana, mbali na hapa kwetu, na wao pia walikaa miaka mingi bila kujua sababu.

Tuanze na damu yenyewe. Chembe nyekundu za damu zinatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho, ile nyama laini tunayoikuta tukivunja mfupa wa ng'ombe. Kwa mtu asiye na SS, chembe moja huishi siku karibu 120, kisha inakufa na nyingine inachukua nafasi yake. Kwa mtoto wa SS, yaani mwenye drepanositozi, chembe zinajikunja kama mundu na kuvunjika mapema. Zinaishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo uboho wake unafanya kazi usiku na mchana ili kujaza pengo. Ukisimama kidogo tu, mtoto yuko hatarini.

Chembe hizo za mundu zilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kiganga mwaka wa 1910, na mganga James Herrick wa Chicago, aliyeziona katika damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Baadaye waganga waliona kwamba wagonjwa wengine wanashuka damu ghafla, kwa siku chache. Walifikiri chembe zinavunjika kwa wingi kuliko kawaida. Mwaka wa 1948, mganga Paul Owren wa Norway, akichunguza ugonjwa mwingine wa kurithi unaovunja chembe za damu, alionyesha kwamba sivyo. Uboho ndio ulikuwa umeacha kutengeneza chembe. Muda mfupi baadaye jambo hilohilo lilielezwa kwa wagonjwa wa SS. Waganga waliona pia kwamba mara nyingi ndugu wa jamaa moja wanaanguka karibu pamoja. Wengi wakashuku kwamba kuna ugonjwa wa kuambukiza, lakini hakuna aliyeuona.

Jibu lilitokea kwa bahati. Katikati ya miaka ya 1970, huko London, mtaalamu wa virusi Yvonne Cossart, mzaliwa wa Australia, alikuwa anapima damu ili kutafuta virusi vya homa ya ini. Sampuli moja ilileta jibu lisiloeleweka. Ilikuwa sampuli namba 19 katika kundi la B. Ndani yake kulikuwa na kirusi kidogo sana ambacho hakikujulikana. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 1975, na kirusi kikabaki na jina la B19. Lakini hakuna aliyejua kinaleta ugonjwa gani.

Ilifika mwaka wa 1981. John Pattison na wenzake huko London walikikuta kirusi hicho katika damu ya watoto wa SS walioishiwa damu ghafla. Mwaka huohuo, Graham Serjeant na wenzake walieleza mlipuko kama huo katika kisiwa cha Jamaica, ambako wagonjwa wa SS ni wengi. Miaka michache baadaye, watu wazima wenye afya walikubali kutiwa kirusi hicho puani ili kichunguzwe. Chembe changa za damu zilitoweka kwao pia kwa siku kadhaa, lakini hawakuishiwa damu. Mwaka wa 1993 ikajulikana mlango ambao kirusi kinapitia: alama fulani iliyo juu ya chembe nyekundu na chembe zinazozizaa. Kinaingia katika zile zinazozaa, kinaongezeka humo, kisha kinaziua.

Sasa tufanye hesabu. B19 inasimamisha kazi ya uboho kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mtu ambaye chembe zake zinaishi siku 120 anapoteza sehemu ndogo tu. Anasikia homa, mafua au maumivu ya viungo, inapita. Mtoto wa SS anaweza kupoteza nusu ya damu yake, au zaidi. Na kwa kuwa kirusi kinapita katika mate na kamasi, mtoto anayekohoa anamwambukiza ndugu anayelala naye chini ya turubai moja. Mama yangu, hakuna mtu aliyekunywa damu ya watoto wako.

Hii ndiyo faida ya historia hii kwetu, kwa sababu Congo, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya inchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na SS. Mtoto wa SS akigeuka mweupe kwenye viganja, ulimi na ndani ya kope, akichoka sana, akihema haraka, usingoje kesho. Macho yasipozidi kuwa ya manjano, hiyo isikutulize. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, useme wazi kwamba ni SS, na kama ana ndugu mwenye SS, naye achunguzwe na kuangaliwa kwa wiki mbili zinazofuata. Mama mwenye mimba aliyekaa na mgonjwa amwambie mkunga, kwa sababu kirusi hiki kinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Chanjo haipo bado. Lakini uboho unaamka wenyewe baada ya siku chache, na kwa kawaida aliyeugua B19 mara moja haugui tena. Kinachotakiwa ni kumvusha mtoto siku hizo, na mara nyingi kinachomvusha ni damu iliyopimwa, iliyotolewa na mtu mwingine. Kwa hiyo jirani aliyekuja kuuliza nani amemroga mtoto, mwambie kuna swali lililo bora: nani atatoa damu leo?