Kifafa na Ukoo

Hapa kwetu Madaba, kijana akitaka kuoa, wazee hutangulia kuulizia kimyakimya: je, katika ukoo ule kuna kifafa? Nimelisikia swali hilo tangu utotoni, na zamani sikuona ubaya wake.

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwanafunzi wangu alianguka darasani. Wenzake walikimbia. Mimi nami niliogopa povu lake, sikumgusa. Kesho yake nilimwita baba yake nikamwambia amtunze nyumbani. Mtoto hakurudi tena.

Laiti ningejua yaliyokwisha kufanyika kwa jirani zetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuwa akiwatibu wenye kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Aliwakuta Wapogoro wengi wenye makovu ya moto, kwa kuwa mgonjwa akiangukia mekoni watu waliogopa kumshika. Akafungua kliniki na kuwapa fenobabitali. Aliona pia watoto waliosinzia kwa kichwa, wengine wakidumaa akili. Ugonjwa uliandama familia, hivyo ilikuwa rahisi kuushuku urithi. Watafiti wa baadaye waliuhusisha na usubi, unaoenezwa na inzi weusi wa mito iendayo kasi. Ndugu wanaoishi kando ya mto mmoja huumwa na inzi wale wale.

Hata hivyo, kuna kifafa cha watoto kinachotokana na jeni. Mwaka 1978 daktari Mfaransa, Charlotte Dravet, alieleza aina moja kali inayoanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, kisha hurudisha nyuma ukuaji wa akili. Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji waliwapima watoto saba wa aina hiyo, wakakuta wote wana kosa katika jeni moja inayoongoza upitaji wa chumvi katika chembe za ubongo. Wazazi wao hawakuwa na kosa hilo, lilikuwa jipya. Ziko aina nyingine za kurithi kweli, ambazo baba na mama, wote wazima, kila mmoja humpa mtoto jeni yenye kosa. Basi hata hapo, kumlaumu mama peke yake, kama tulivyozoea, ni dhuluma.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwafundisha wanachuo: mwanafunzi akianguka, ondoa vitu vya hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mpeleke hospitali. Nililisema hilo kila mwaka, nikimkumbuka yule niliyemfukuza. Alikufa maji mwaka 1981, akichota peke yake mtoni. Hakuna aliyempima. Dada zake walikaa bila kuposwa, kwa kosa ambalo huenda halikuwamo kabisa katika ukoo wao.

Sasa mimi ni mzee, na ni zamu yangu kutumwa kuulizia. Kwa swali hilo, sendi.