Futi Ndani ya Mita

Ukizisoma ripoti za utafiti wa chai zilizoandikwa Kericho, utakutana mara kwa mara na namba mbili: mita 1.22 na mita 0.76. Ya kwanza ni nafasi kati ya mstari na mstari, ya pili kati ya mche na mche. Mkulima wa Litein au Mogogosiek ukimuuliza, atakwambia futi nne kwa mbili na nusu. Ni nafasi ile ile, lakini kauli ya mkulima imebeba hesabu ambayo mita imeipoteza. Nne mara mbili na nusu ni futi 10 za mraba. Eka ina futi 43,560 za mraba, basi eka moja huchukua miche 4,356, na hapo hujashika kalamu. Ukiifuata futi mpaka kwenye hekta utapata miche 10,764. Ukianza na 1.22 na 0.76 zilizokwisha kukatwa desimali, utapata 10,785. Miche 21 ya ziada imetokana na kukata desimali tu.

Futi ilikuja na mnyororo. Mnyororo wa wapima ardhi wa Kiingereza ulikuwa na pingili 100 na urefu wa futi 66, na minyororo 10 ya mraba ilifanya eka. Kwa eka hizo ardhi ya Wakipsigis ilikatwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga eka 25,000 hivi huko Kericho ili maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walime kitani. Kitani hakikulipa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yaliingia, Brooke Bond na ile ya James Finlay, na michoro ya mashamba, barabara, mitaa ya wafanyakazi na viwanda ikachorwa kwa futi na inchi.

Hata hivyo mita ilikuwa imetangulia kufika. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901 ikipitia Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, na Fort Ternan, ilikuwa na upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma, kama reli nyingi za India. Na tangu mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa kwa senti 100, wakati Uingereza yenyewe ilihesabu peni 12 kwa shilingi hadi 1971. Mchuma chai wa Kericho alilipwa kwa makumi huku majani yake yakipimwa kwa ratili.

Uingereza ilipotangaza mwaka 1965 kwamba viwanda vyake vitahamia mita, Kenya nayo haikukawia kushika njia hiyo. Sokoni mabadiliko yalikuwa mepesi: kilo ilichukua nafasi ya ratili, na leo mkulima hulipwa kwa kilo ya majani mabichi. Mezani kwa mchoraji kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mchoro una skeli. Michoro mingi ya zamani ya majengo ilitumia sehemu ya nane ya inchi kwa futi moja, yaani 1:96. Rula ya mita ina 1:100. Macho hayaoni tofauti hiyo. Lakini mchoro wa 1:96 ukisomwa kwa rula ya 1:100, kiwanda cha mita 48 kitasomeka kuwa mita 50, na anayeagiza mabati au kupanga vitanda vya kunyaushia majani ataagiza ya jengo lisilokuwepo.

Ndani ya viwanda, inchi haijatoka. Mashine za CTC, yaani za kuponda, kuchana na kukunja majani ya chai, zilizobuniwa Assam na William McKercher mnamo 1930, bado huitwa kwa upana wa rola zake, inchi 30 au 36, na ukali wake hutajwa kwa idadi ya meno kwa inchi, 8 au 10. India, zinakotengenezwa nyingi za mashine hizo, ilianza kuhamia mita katika miaka ya 1950. Nje ya kiwanda, fundi hununua nondo kwa milimita na misumari kwa inchi, siku hiyo hiyo, duka hilo hilo, wala hakosei.

Panapokosewa ni kwenye ardhi. Mjini Bomet, kama kwingine Kenya, ploti huuzwa kama "hamsini kwa mia", na muuzaji huiita moja kwa nane ya eka. Futi 50 kwa 100 ni futi 5,000 za mraba. Moja kwa nane kamili ni 5,445. Mpima akiichora kwa mita 15 kwa 30, hatimiliki itasema hekta 0.045, ambazo ni futi 4,844 za mraba tu. Eneo limepungua kwa hatua mbili, na hakuna aliyesogeza jiwe la mpaka.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mchoro mpya uchorwe kwa milimita peke yake, lakini wa zamani ubaki na futi zake, na anayeugeuza aandike kipimo cha asili kando ya kile kipya. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipendekeza mashamba ya makampuni ya chai ya Kericho na Bomet yapimwe upya, ijulikane kama kuna ardhi ya ziada. Makampuni yakaenda mahakamani. Siku upimaji huo utakapofanyika, ramani za futi zitawekwa juu ya meza moja na vifaa vya mita. Zichukue zile eka 25,000. Ni hekta 10,117. Ukizidisha kwa 0.4, kama watu wafanyavyo wakiwa na haraka, utaandika 10,000. Hekta 117 zimefutika. Ni eka 289, na kwa futi nne kwa mbili na nusu, ni miche ya chai zaidi ya 1,250,000.