Kadenge, Mchezaji wa Redioni

Kila anapotajwa Joe Kadenge hakosekani wa kusema kwamba kandanda ya Kenya ilianza naye. Ni dai lisilo na miguu. Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na kampuni ya sabuni ya William Gossage, lilianza 1926, Kenya na Uganda zikishindana peke yao. Tanganyika iliingia 1945 na Zanzibar 1949. Kadenge alipokuja kuvaa jezi ya taifa mwishoni mwa miaka ya 1950, Elijah Lidonde alikwisha tikisa nyavu za majirani hadi wakamjua kwa jina.

Basi mbona Kadenge akumbukwe hadi Funzi, na Lidonde asahaulike? Jibu langu ni redio, na naona wanahistoria wa michezo wameipuuza kwa kuwa wamezoea kufungua magazeti. Funzi, kisiwa cha wavuvi nyuma ya mikoko ya Msambweni, si mahali pa kungojea gazeti la Nairobi kila asubuhi. Lakini Sauti ya Kenya, iliyokuwa na watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, mzawa wa Freretown, ilivuka maji bila nauli.

Na redio ina upendeleo wake. Beki anayeondosha mpira kwa teke moja hutajwa mara moja, yamekwisha. Kadenge alikuwa mtu wa chenga: mpira ukimfika hautoki, anampita huyu, anamrudia, anamwacha chini. Mtangazaji afanye nini ila kulirudia jina? “Kadenge na mpira, Kadenge na mpira,” hata msikilizaji akasimama kitini. Maneno hayo yaliingia mitaani yakawa mali ya kila mtu. Bamvua likipwa, watoto wakikita miti mchangani iwe magoli, hakosi mmoja wa kukimbia pembeni akitangaza, pumzi juu juu, kuliko hata wanaocheza.

Maisha yenyewe ya mtu huyu ni mepesi kusimulia. Alitoka Vihiga, akachezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu iliyoundwa 1964 na kutwaa ligi 1966 na 1967. Ndiyo AFC Leopards ya leo. Alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84.

Wanaoiita miaka hiyo enzi ya dhahabu siwasikilizi sana. Tarehe 12 Desemba 1965, sikukuu ya Jamhuri, Ghana iliitandika Kenya 13–2 papo hapo Nairobi. Fainali za Kombe la Afrika Kenya ilizionja mara ya kwanza 1972 kule Cameroon, chini ya nahodha Jonathan Niva: ikafungwa 2–1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1–1 na Mali, na nyingine kama hiyo na Togo. Hiyo ndiyo hatua, ingawa haina wimbo.

Linaloniuma zaidi ni letu la Pwani. Mwaka uleule wa mabao 13, bingwa wa ligi ya Kenya alikuwa Feisal ya Mombasa. Ali Kajo na Ahmed Breik, vijana wa Mombasa, waliichezea timu ya taifa. Lakini muulize kijana wa Kwale leo amtajie mchezaji mmoja wa zamani: atakupa Kadenge wa Vihiga, tena kwa lafudhi ya mtangazaji.