Propu wa Obetz



Anayetoka Louisville kwenda kusalimia jamaa Buffalo kwa gari hupita Columbus kwa I-71. Kusini kidogo ya jiji hilo kuna kimji kiitwacho Obetz, kinachojulikana zaidi kwa maghala yake. Wachache wanajua kuwa mwaka 2016 pale palikuwa na timu ya raga ya kulipwa, Ohio Aviators, na kwamba mmoja wa wasukumaji wake aliwahi kuvaa jezi nyeusi ya New Zealand.

Jina lake ni Jamie Mackintosh, mzaliwa wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi ile. Kazi yake ilikuwa propu. Kwa wasioijua raga (Watanzania wenzangu, hapa tuwape Wakenya heshima yao): kwenye skramu watu 8 huinama na kusukumana na wengine 8. Mbele hukaa watatu. Wa kati huuvuta mpira kwa mguu. Wawili wa pembeni, namba 1 na namba 3, ndio propu. Namba 3 hubanwa mabega yote mawili. Namba 1, nafasi aliyoizoea Mackintosh, huwa na bega moja huru, lakini uzito ni uleule. Mpira ukitoka, kamera humfuata mwenye mbio. Propu bado anajizoazoa chini.

Novemba 2008, mjini Edinburgh, aliichezea New Zealand dhidi ya Uskoti. Ikawa mechi yake ya kwanza ya kimataifa na ya mwisho. Mwaka uliofuata, akiwa nahodha wa mkoa wake wa Southland, waliifunga Canterbury 9–3 wakatwaa Ngao ya Ranfurly, ambayo mkoa huo ulikuwa haujaishika kwa miaka 50. Mimi ningeulizwa, ningesema hiyo ndiyo siku yake kubwa, si ile ya Edinburgh.

Huku kwetu, mwili wa raga ulikuwa umeshaonekana kabla yake. Julai 2013 Mkenya Daniel Adongo, aliyecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Louisville, ingawa hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani. Alipata mechi chache tu, na mwisho wa 2015 hakuwa tena kwenye timu.

Mackintosh yeye alikuja kucheza raga yenyewe. Ligi iliitwa PRO Rugby, ikaanza Aprili 2016 na timu 5: Ohio, Denver, Sacramento, San Diego na San Francisco. Denver wakawa mabingwa, Ohio wakashika nafasi ya pili. Lakini timu zote zilikuwa mkononi mwa mwekezaji mmoja, naye akakorofishana na chama cha raga cha taifa. Desemba 2016 wachezaji wakapewa notisi. Msimu wa pili haukuwepo. Vibarua viliota nyasi, vya waliotoka mbali na vya wenyeji waliokuwa wameacha kazi zao ili wacheze.

Mwaka 2018 ilianza ligi nyingine, Major League Rugby, na timu 7. Columbus haikuwamo, wala Louisville, wala Buffalo. Kijana wetu wa huku mwenye mabega ya propu, akiitaka kazi hiyo, itabidi afunge mizigo kama walivyofunga wazazi wake.