Utungo na Santuri: Nyimbo za Siti binti Saad

Wahakiki wengi wamezoea kuuchambua wimbo wa taarabu kama shairi la kitabuni, wakaisahau santuri yenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad (1880–1950), mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Kundi lao lilikuwa dogo, nguzo zake zikiwa udi na fidla.

Katika hafla za nyumbani, ubeti uliweza kurudiwa kadiri wasikilizaji walivyopenda, na ala zikauitikia. Upande mmoja wa santuri, kinyume chake, ulichukua takriban dakika tatu tu. Ama beti zipunguzwe, ama fidla inyamazishwe.

Hasara hiyo haikuwa ya sanaa pekee. Wimbo wa "Kijiti", kwa mfano, wasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa, eti kwa kosa la pombe. Kila ubeti uliopunguzwa katika utungo wa namna hiyo ni sehemu ya ushahidi iliyopotea, ingawa vina viliwawezesha hata wasio na gramafoni kuyahifadhi yaliyosalia.