Kuulaza Mzabibu: Kutoka Minnesota hadi Pundanhar

Mzabibu ni mmea unaohitaji kulala. Ukikosa usingizi, hutoa majani mengi na vishada vichache. Ukilazwa kwenye baridi iliyopita kiasi, hauamki tena. Karibu kila mbinu ya kilimo cha zabibu duniani ni jibu la swali hilo moja: nani anaulaza mmea, na nani anauamsha? Mtu wa Pundanhar, bara ya Palma, mkoani Cabo Delgado, Msumbiji, akitaka kupanda mizabibu michache nyuma ya nyumba kwa kujifurahisha tu, swali lake ni hilo hilo. Kabla ya kumjibu, tutazame wenzake wa mbali walivyolijibu.

Tuanze kwenye barafu. Jimbo la Minnesota, Marekani, ni makao ya maelfu ya Waafrika Mashariki: Wasomali, Waoromo, Wakenya. Usiku wa Januari, kipimo huko huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Mzabibu wa Ulaya, ule unaotoa divai nyingi zenye majina, hauwezi baridi hiyo. Ikifika kati ya nyuzi 20 na 25 chini ya sifuri, macho yake mengi hufa ndani ya tawi, na masika yakija hakichipui kitu.

Watu wa baridi wamejibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuzika. Huko Ningxia, kaskazini mwa China, mkulima hupogoa baada ya mavuno, hufungua matawi kwenye waya, huyalaza chini na kuyafukia kwa udongo, kisha huyafukua majira ya joto yakikaribia. Ni kazi ya mgongo, na hurudiwa kila mwaka. Njia ya pili ni kubadili mmea wenyewe. Elmer Swenson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Wisconsin, alichanganya mizabibu chotara ya Kifaransa na mzabibu mwitu wa Amerika Kaskazini kwenye shamba lake mwenyewe, kwa mapenzi tu, miongo kadhaa. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kilitoa aina ya Frontenac mwaka 1996 na Marquette mwaka 2006, zinazostahimili baridi ya huko. Leo anayetaka shamba la kujifurahisha nyuma ya nyumba yake huko huanza na aina hizo.

Hata hivyo hamalizi mashaka. Adui wake mkubwa ni jalidi ya masika, inayochelewa baada ya majira ya baridi, ambayo huunguza machipukizi mapya kwa usiku mmoja. Ndiyo maana hupanda kwenye mteremko: hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Kisha husubiri. Mwaka wa kwanza ni wa mizizi, wa pili ni wa shina, na wa tatu ndio wa vishada vya kwanza.

Jibu la pili liko karibu zaidi na historia yetu. Jebel Akhdar, Oman, ni mlima ambao wajukuu wa Zanzibar wanaoishi Maskati huupanda kupunga hewa. Uwanda wa Sayq uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi usiku huko hukaribia nyuzi sifuri, na wakati mwingine maji huganda, lakini mchana jua hurudi. Baridi hiyo inatosha kuulaza mzabibu bila kuuua. Tatizo la mlimani ni maji na ardhi: mteremko ni wa mawe, mvua ni chache. Wakazi wa vijiji kama Al Ayn na Al Aqr walijenga kuta za mawe, wakajaza udongo nyuma yake, wakapata mashamba ya ngazi, kisha wakayaletea maji kwa falaj, mfereji wa kijadi, kila mtu kwa zamu yake. Humo mna mikomamanga, mawaridi, mijozi na mizabibu. Luteni James Wellsted, Mwingereza aliyefika huko miaka ya 1830, aliandika habari za mizabibu hiyo. Mizabibu ya Jebel Akhdar si mashamba makubwa ya kibiashara. Ni mizabibu ya familia, na mtunzaji wake mkuu ni utaratibu wa kugawana maji.

Jibu la tatu ni la Dodoma, na ndilo linalomhusu zaidi mtu wa Pundanhar, kwa sababu Dodoma haina majira ya baridi ya kweli. Iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina msimu mmoja wa mvua chache na kiangazi kirefu. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, na baadaye utafiti ukashika mizizi Makutupora, ambako aina ya Makutupora Nyekundu ilipata jina. Katika nchi isiyo na baridi, mkulima ndiye baridi. Yeye huulaza mmea kwa kupunguza maji, kisha huuamsha kwa mkasi. Mkasi ukipita, kila tawi hubaki na macho machache tu. Maji hutoka kwenye jeraha tone kwa tone, na wakulima husema mzabibu unalia. Siku chache baadaye jicho huvimba, huwa la rangi ya waridi, kisha hufumuka. Kwa kuwa anayeamua ni mkasi, Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.

Petrolina, kaskazini mashariki mwa Brazili, wameifikisha mbinu hiyo mbali zaidi. Mji huo uko kwenye latitudo ya 9 kusini. Pundanhar iko karibu na ya 11. Kando ya Mto São Francisco, wakulima hugawa shamba vipande na kupogoa kila kipande kwa wakati wake, kwa hiyo katika bonde hilo zabibu huvunwa karibu mwaka mzima. Shirika la utafiti la Embrapa lina kituo hapo, na maandiko yake ni ya Kireno. Kwa Mmsumbiji aliyesoma shule, hiyo ni faida kubwa.

Je, Pundanhar ifuate nani? Baridi ya Julai huko ni ya kujifunika shuka, haiwezi kuulaza mzabibu. Kwa hiyo Minnesota haina la kumfundisha ila subira. Dodoma na Petrolina ndio walimu, ila kuna tofauti moja wasiyoweza kuisahihisha: ukavu. Sehemu hizo mbili ni kame, na ukavu ndio unaokinga majani yasishikwe na ukungu. Pundanhar hupata mvua nyingi zaidi kati ya Desemba na Aprili, na hewa yake ina unyevu wa bahari na wa Mto Ruvuma. Zabibu zikiiva katika miezi hiyo huoza kwenye kishada. Anayetaka kujaribu basi asitafute mavuno mawili. Apogoe mvua zinapokatika, Mei au Juni, ili matunda yaive kabla ya mvua kurudi. Atengeneze kichanja kirefu kinachopitisha upepo, na aangalie mchwa kwenye nguzo.

Mmoja wa magonjwa ya ukungu ya mzabibu si mgeni huko. Ubwiri unga ni jina ambalo kila mkulima wa korosho kuanzia Newala na Tandahimba hadi ng'ambo ya Ruvuma analijua. Ule wa mzabibu ulionekana Ulaya kwanza nchini Uingereza mwaka 1845, na dawa yake ilikuwa salfa. Ule wa mkorosho ulithibitishwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na salfa ikawa dawa yake pia. Kuvu hao wawili ni ndugu, ingawa si mmoja. Mtu wa Pundanhar aliyewahi kupulizia mikorosho ana ujuzi ambao wengi wanaoanza na mizabibu hununua kwa hasara.

Hapo ndipo ulinganishi unapogeuka. Mzabibu una sifa duniani, lakini mti uliofanya kazi ya mzabibu kaskazini mwa Cabo Delgado ni mkorosho. Ureno iliuleta kutoka Brazili, na ilikuwa na sababu ya kutohimiza watu wa makoloni wajitengenezee vinywaji: ilitaka soko la divai yake. José Capela aliandika kitabu kizima kuhusu biashara hiyo, kilichotoka mwaka 1973. Pamoja na hayo, mabibo, matunda ya mkorosho, yaliendelea kukamuliwa kuwa uraka, na uraka kuchemshwa kuwa nipa. Huko Goa, koloni nyingine ya Ureno iliyopokea mti huo huo, pombe ya mabibo iitwayo feni ilisajiliwa mwaka 2009 kama bidhaa yenye asili inayolindwa kisheria. Uraka wetu bado unauzwa kwa kibuyu. Na kwa wasiokunywa, mabibo ni juisi na siki, kama zabibu zilivyo tunda, siki na zabibu kavu za pilau. Hakuna aliyesema shamba la zabibu ni lazima liwe shamba la divai.

Kuna kipimo kimoja ambacho vitabu vya kilimo cha zabibu havikitaji. Mzabibu unadai miaka mitatu ya kukaa mahali pamoja kabla ya kishada cha kwanza, na baada ya hapo unadai mkasi kila mwaka. Tangu vita vya waasi vianze Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017, na hasa tangu Palma ishambuliwe Machi 2021, watu wa Pundanhar wamekimbia na kurudi. Mzabibu ulioachwa bila kupogolewa katika nchi ya joto hugeuka kichaka. Mkorosho ulioachwa hupunguza mavuno, lakini mwenye nao akirudi huukuta umesimama, na akifyeka chini yake huokota.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Panda mizabibu miwili au mitatu kwa kivuli cha baraza na kwa watoto, ukifuata mkasi wa Dodoma na kalenda ya kiangazi chako. Bidii ya kujaribu aina, kuchanganya, kuandika tarehe na kuonja, ile aliyokuwa nayo Swenson kwa mizabibu yake, iweke kwenye mikorosho iliyo mbele ya nyumba yako. Anza msimu huu: chagua mti mmoja wenye mabibo matamu, uwekee alama, na usiziuze mbegu zake.